Saa Moja ya Kupunguza

Maskati, Jumapili, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Mbarouk,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu imenifanya nilitoe sandukuni lile blanketi la marehemu Mama. Mwanangu Luqmani amepata kazi kwenye duka la simu, sasa anajiona injinia. Akinifungulia kopo anataka apigiwe makofi. Baba yake mgongo unamsumbua, lakini hilo si jipya, mgongo ule nimeolewa nao. Wasalimie wote nyumbani.

Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba mwezi wa kumi ulianguka chomboni ukazimia, ukamwagiwa maji ndipo ukazinduka. Unanificha mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka miguu yako ikawa inaburuza chini? Masikio injini imeshayala, sasa unataka na moyo uende?

Nakuletea saa kwa mkono wa Kheri, yule jamaa wa Kilindoni anayekuja huku kufuata vipuri. Si saa ya kutazama wakati tu. Inahesabu mapigo ya moyo, inahesabu hatua, inajua kama umelala au unajifanya umelala, na kila ikipata mtandao inaniletea habari zako kwenye simu yangu. Laini yake imo ndani, wewe huna haja ya kubonyeza kitu. Ivae mkono wa kushoto, usiivue ila wakati wa kuichaji. Ile ya Baba iweke kabatini ipumzike, imefanya kazi tangu hatujazaliwa.

Najua utanuna. Nuna, lakini ivae.

Dada yako,
Thuwaiba

*

Juani, 9 Februari 2025

Dada Thuwaiba,

Shikamoo. Barua yako imetukuta salama. Mpe pole shemeji na mgongo wake, na Luqmani mwambie mjomba anampigia makofi kutoka huku, kama atayasikia. Sisi tupo. Mvua za vuli zimetupita pembeni, muhogo umekuwa na mizizi myembamba kama vidole vya mtoto.

Saa imefika na nimeivaa. Siku ya kwanza ilinitetemesha mkono nikadhani nimeng'atwa na mdudu, kumbe inaniamrisha nisimame kwa kuwa nimekaa sana. Nilikuwa nimeshika usukani katikati ya mkondo, nisimame niende wapi? Kila baada ya siku mbili inataka umeme kama mtoto mchanga anavyotaka ziwa, na sola yetu unaijua, wingu likipita hata taa inaomba dua. Baba angecheka mpaka kioo kimtoke jichoni. Unakumbuka alivyokuwa akisema pale kibarazani Kilindoni, matumbo ya saa za watu yametapakaa mezani? "Saa nzuri haijui kitu ila saa." Hii inajua mambo yote isipokuwa hilo moja.

Maana inasoma saa za Maskati, Dada. Iko mbele kwa saa nzima, na kuirekebisha nimeshindwa, nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Mwalimu wa shule yetu aliitazama akasema inaitii simu yako tu. Basi si kitu, nimeshazoea, napunguza saa moja. Kazi yangu ni ile ile. Siku za bamvua, bahari ikikupwa sana, nawapeleka wifi yako Somoe na jirani zetu Chiku na Shamsa kwenye fungu la mchanga, wakashughulikie mwani wao maji yakiwa yametoka. Mimi nakwenda Utende kutafuta abiria, na saa sita barabara nawarudia kabla maji hayajalifunika fungu. Ikiandika kumi na tatu, najua ni saa sita, naondoka. Wala sihesabu tena, kichwa kinapunguza chenyewe.

Ya Baba sikuiweka kabatini. Saa ya ufunguo ukiilaza, mafuta yanaganda ndani. Nimempa Somoe. Kila alfajiri anaitia ufunguo mara ishirini, si kumi na tisa, kama alivyokuwa akifanya Baba, na bado iko kwa saa zetu, jua likiwa utosini akrabu ndogo iko kwenye sita. Hakuna cha kupunguza wala kuongeza.

Somoe anakusalimu. Simu anayo yeye, namba ni ile ile. Ukiwa na la haraka mwambie, ataniandikia kwenye karatasi nisome. Nyinyi wawili mnajua wenyewe yenu, mimi simo.

Ndugu yako,
Mbarouk

*

Maskati, Ijumaa, 18 Aprili 2025

Mdogo wangu Mbarouk,

Assalaam alaykum, na idi njema iliyopita. Usinilaumu kwa kuchelewa, barua yako ilinikuta katikati ya Ramadhani, na Ramadhani ya huku ni jikoni tangu alasiri. Sote wazima. Luqmani amenenepa, anasema ni kazi ya kukaa.

Nafurahi umeivaa. Moyo wako nauona kila unapopita Utende, unakwenda vizuri, kuliko wangu. Juzi ulitembea hatua elfu kumi na moja, nikamwonyesha shemeji yako aone aibu.

Hilo la saa kuwa mbele limenichekesha halafu likanikera. Mtu mzima anapunguza saa kichwani kila siku kama mwanafunzi! Nimemwambia Luqmani, anasema ni jambo la kubonyeza mara mbili kwenye simu yangu. Ijumaa ijayo, tarehe ishirini na tano, ana mapumziko, ataiweka kwa saa za huko, na saa itajirekebisha yenyewe ikipata mtandao. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo usipunguze tena. Itakachoandika ndicho.

Nilitaka kupiga simu, nikaona barua inatosha. Kheri anaondoka kesho, itakufikia mapema.

Dada yako,
Thuwaiba

*

Juani, 8 Mei 2025

Dada Thuwaiba,

Shikamoo. Habari utakuwa umeshazipata kwa simu za watu. Somoe ametutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na nane. Maji yaliwakuta funguni. Chiku na Shamsa waliokolewa na wavuvi wa Jibondo, wameshikilia madumu yale ya kufanya kamba za mwani zielee. Somoe tulimpata alfajiri ya Jumanne kwenye mikoko, chini ya magofu ya Kua. Tukamzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri.

Injini ilinizimia njiani. Ndivyo nilivyowaambia polisi, na ndivyo ninavyokuambia wewe.

Watu wamekuja wengi. Khitma imesomwa. Sina zaidi.

Mbarouk

*

Maskati, Jumamosi, 24 Mei 2025

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nianzie wapi. Mungu amlaze Somoe mahali pema, akupe wewe subira. Huku tumemsomea siku tatu. Majirani waliuliza alikuwa nani kwangu, nikasema wifi yangu, neno ambalo kwa miaka mitatu sijalitamka.

Luqmani anakupa pole.

Siku ile nilikuwa nachagua mchele, simu ikalia kelele ambayo sijapata kuisikia. Moyo wako ulikuwa mia moja sitini na nane. Huku ilikuwa saa nane na nusu, kwenu saa saba na nusu. Nikasema Mbarouk anakufa. Nikatembea ukumbini na simu mkononi mpaka magharibi, na ilipofika habari kwamba si wewe, wallahi nilishukuru. Kisha nikaambiwa ni nani.

Tangu hapo nairudia ile simu kila siku. Inahifadhi kila kitu, Mbarouk. Tangu saa tatu asubuhi ulikuwa Utende, moyo sabini, sabini na mbili, umetulia kama mtu anayesubiri wakati wake. Ulikaa hapo mpaka saa saba kamili ndipo ukaondoka. Injini haikukuzimia njiani. Hukuwa njiani.

Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza jambo moja tu. Ile barua yangu ya mwezi wa nne ilikufikia lini?

Dada yako,
Thuwaiba

*

Juani, 29 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Pole zenu zimefika, ahsanteni. Chiku mimba yake inaendelea vizuri. Shamsa amehamia Kilindoni kwa mwanawe, hataki kuyaona maji. Chombo nimekipandisha juu, na injini ameichukua mtu wa Jibondo, anasema ni nzima haina kasoro.

Barua ya mwezi wa nne haikufika. Labda imepotea huko njiani. Usihangaike nayo.

Saa yako imezima nami sijaichaji. Usikodolee hiyo simu, hutaona kitu. Mtu akifiwa anastahili kulia bila dada yake kuhesabu mapigo.

Mbarouk

*

Maskati, Jumapili, 3 Agosti 2025

Mbarouk,

Assalaam alaykum. Leo sina habari za nyumbani. Wazima, basi.

Kheri amekuja. Nimemkalisha kitako nikamuuliza. Ameniapia kwamba barua yangu alikupa mkononi, siku ya khitma ya Somoe, umekaa na watu mkekani. Alikwama Dar es Salaam, kisha Nyamisati boti ikakosekana siku nyingi, akafika kwako siku tatu baada ya maziko. Anasema uliifungua pale pale, ukaisoma, ukainuka ukaenda nyuma. Kwa nini umeniambia haikufika?

Au nijijibu mwenyewe. Najua. Tangu siku ya kwanza nilijua, nimeizunguka tu kama mtu anayezunguka nyumba yenye msiba.

Nilikuambia nilitaka kupiga simu nikaona barua inatosha. Haikuwa hivyo. Niliishika simu, nikaitafuta namba ya Somoe, nikaikuta, nikairudisha simu mezani. Dakika moja ya maneno. "Mwambie Mbarouk asipunguze tena." Nilishindwa kwa sababu ya neno aliloniambia kwenye matanga ya Baba, mbele ya wanawake wote: "Sisi tumemuuguza, wewe umekuja na udi." Lilinichoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Sikumsamehe kwa kusema kweli. Nikasema kiburi changu kipande boti na Kheri, kitafika tu.

Luqmani alibonyeza ile Ijumaa kama alivyoahidi. Hajui. Anadhani ni injini. Mbarouk, niambie kama ndivyo ilivyokuwa. Nichape kwa maneno, lakini usiniachie hii simu ndiyo iniambie.

Thuwaiba

*

Juani, Jumatatu, 15 Septemba 2025

Dada Thuwaiba,

Shikamoo. Chiku amejifungua mtoto wa kike, amempa jina la Somoe. Nilikwenda kumpongeza, nikafika mlangoni, nikarudi.

Kheri hasemi uongo. Niliisoma barua yako nyuma ya jiko, mara mbili, nikaitia motoni chini ya sufuria la pilau la khitma. Sasa nakuambia, na ukishasoma usiniulize tena.

Tangu Ijumaa ile mpaka Jumapili sikutoka Juani, na kijijini kwetu simu hupiga tu, mtandao wa saa haufiki. Saa ilibaki ya Maskati. Jumatatu asubuhi iliandika tisa na nusu, nikapunguza, saa mbili na nusu, nikawapeleka funguni. Yote sawa. Kisha nikaenda Utende, na Utende mtandao upo. Ikajirekebisha mkononi mwangu bila kulia wala kutetemeka. Hii inayonitetemesha nikikaa sana, siku ile ilinyamaza.

Nilipoitazama iliandika kumi na mbili. Nikapunguza. Saa tano, nikasema, bado mapema. Jua lilikuwa ndani ya mawingu. Adhana ya adhuhuri wengine waliisikia, mimi masikio unayajua. Lakini macho ninayo, Dada. Yale mawe tunayofungia vyombo yalikuwa yamezama nusu. Nimezaliwa juu ya maji haya, najua mawe yale yakizama nusu ni saa ngapi. Nikasema moyoni, maji leo yana haraka. Nikatazama saa, saa ikaniambia bado. Nikaiamini, nikakaa kitako nikala muhogo. Baba yetu amekula maisha yake yote kwa saa, na hata siku moja sikumsikia akisema uiamini saa kuliko bahari.

Ilipoandika kumi na tatu nikaondoka, nusu saa ya njia. Nilipofika hapakuwa na fungu.

Chiku amenieleza mengine. Saa sita kasoro, maji yakiwa bado chini ya magoti upande wa Juani, yeye alitaka wavuke kwa miguu waende zao. Walikuwa na nafasi. Somoe akatazama mkono, ile saa ya Baba, akamwambia, "Sita haijatimia, na mume wangu hajapata kunichelewesha hata dakika. Tusubiri." Ikatimia sita. Akasema, "Sasa anakuja." Wakasubiri. Maji yalipofika kifuani mkondo ulishakuwa mkali usiovukika. Chiku hajui kuogelea na ana mimba, Somoe akampa dumu lake. Mpaka mwisho alikuwa akiinua mkono juu ya maji kutazama saa.

Naye saa yake ilikuwa kweli, dakika kwa dakika. Aliitia ufunguo alfajiri ya Jumatatu, na tulipomtoa mikokoni alfajiri ya Jumanne ilikuwa bado inatembea mkononi mwake. Ule mfuniko wa nyuma Baba aliuziba mwenyewe kwa mpira, maji hayakuingia. Nilimvua nikasimama pale na saa inayotembea, nikatamani niivunje kwa jiwe. Haikuwa na kosa.

Kosa la barua ni lako, sitakuficha. La macho ni langu. Nimeyapima usiku na mchana na sijui lipi zito.

Utasema nilikuficha kwa huruma. Si huruma. Nilijua nikikuambia utalia, na ukilia itabidi nikusamehe, nami sikuwa tayari. Mpaka leo nimeuuliza moyo, haujajibu. Labda wewe na simu yako mngeweza kuusoma.

Saa yako ya Maskati nimemrudishia Kheri, ampe Luqmani. Asimwambie kitu, nawe usimwambie. Mtoto alibonyeza alichotumwa.

Na ya Baba nakupelekea wewe. Siwezi kuitia ufunguo tena, na kuiacha isimame siwezi. Mara ishirini, kila alfajiri. Usiigeuze ikawa ya Maskati. Iache ilivyo, kwa saa zetu.

Mbarouk

*

Maskati, Jumapili, 26 Oktoba 2025

Mdogo wangu Mbarouk,

Assalaam alaykum, na marahaba, ingawa sistahili kuamkiwa na wewe. Huku joto limepungua. Shemeji yako anatembea kwa mkongojo. Luqmani sijamwambia na sitamwambia, hilo nitalibeba mimi.

Saa imefika. Kheri aliitia ufunguo njiani kila siku kama ulivyomwagiza, haikusimama. Nimeivaa. Mkanda una harufu ya chumvi, sijauosha. Luqmani alitaka kuisogeza akrabu, anasema haina maana kuvaa saa isiyo ya mji ulioko, nikampiga mkono kama nilivyokuwa nikimpiga alipokuwa mdogo.

Namba ya Somoe bado ninayo. Juzi niliipiga. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema. Haipatikani.

Sikuombi unisamehe. Nakuambia tu ninavyoishi, kwa kuwa huku hakuna mwingine wa kumwambia. Kila siku, baada ya watu wa hapa kuswali adhuhuri, wao wakisema ni saa saba, saa ya Baba inafika sita. Hapo naacha ninalolifanya, hata kama chungu kiko motoni nakiepua. Nafunga mlango wa chumba, nakaa chini, naitazama. Sisomi, silali, sishiki simu. Nangoja mpaka akrabu itoke kwenye sita ifike saba, ndipo nainuka.

Saa moja ni ndefu, Mbarouk. Sikuwa nikijua.

Dada yako,
Thuwaiba